Zainabu Hakuvuka Lango la Zahanati

Durban,
Jumatatu, baada ya alasiri

Mdogo wangu Saidi, Baba Mwanahawa,

Marahaba. Najua umeniamkia kabla hujaanza kusoma, kwa hiyo naipokea shikamoo yako, na ya mkeo, na ya wote waliokaa hapo nyumbani Newala wakikuangalia usoni wajue kilichoandikwa. Mna hali gani? Mvua imeshafika huko juu, au mawingu yanapita tu kuelekea Ruvuma? Mikorosho mmepalilia? Kifua chako kinakupa usingizi? Nakuuliza yote hayo kwa moyo wangu wote, ingawa safari hii sitaweza kukaa kuyangoja majibu yake.

Tafadhali isome kwanza peke yako. Nimeiandika kwa kalamu, nikaipiga picha na kumtumia mpwa wetu Shaibu akuletee, kwa sababu kwenye simu siwezi kusema. Chumba changu ni kimoja. Zainabu amelala kitandani, mimi nimekaa kwenye kiti miguuni pake, na kila neno ninalotamka analisikia. Ndiyo maana ulipouliza juzi ukajibiwa kwamba anaendelea. Haendelei, Saidi. Mdogo wetu wa mwisho anakufa taratibu mbele ya macho yangu, kwa ugonjwa ambao hapo Masasi angechomwa sindano asubuhi na mchana akashinda shambani.

Acha nikueleze kwa mpangilio, kwa sababu nataka uamue pamoja nami ukiwa unajua.

Nilipofiwa na mke wangu mlinipigia simu nyote, na nilishukuru. Zainabu peke yake alisema kuhani kwa simu si kuhani. Nilimkataza kuja. Nilimwambia njia ni ndefu, yeye si kijana, na ana sukari. Akanijibu, "Kaka, umefiwa ukiwa peke yako katikati ya watu wa lugha nyingine, halafu mimi nikutumie sauti? Nakuja nikae mkekani." Na mkeka alikuja nao, ameukunja kwa kamba. Alikuja na korosho, unga wa muhogo, na sindano zake za sukari za kumtosha mpaka arudi Lukuledi. Alikaa chini siku zote za mwanzo kama inavyotakiwa, majirani wakapita mlangoni wakishangaa, kisha wakaanza kuingia mmoja mmoja na kukaa naye. Mke wangu alipata matanga yake kwa mkono wa wifi yake aliyekuwa hajawahi kumwona. Hilo sitalisahau.

Lakini mambo mawili yalikuwa yameshaharibika njiani. Pale mpakani, kabla ya kuingia Zimbabwe, mizigo yote ilishushwa juani kukaguliwa, na basi lilikaa mpaka abiria wakapika chai pembeni. Dawa yake ilikuwa ndani ya kikapu. Nilipoitazama chupa hapa nikaona maji yaliyotakiwa kuwa angavu yana vinyuzi vyeupe vinaelea. Nikamwambia dawa imeungua. Akasema, "Dawa si maziwa, haichachi," akaendelea kujichoma. Jambo la pili ni viatu. Alinunua viatu vipya vya safari ili asiniaibishe, kimoja kikamchubua kidole gumba, na kwa vile sukari imeshamfisha hisia za nyayo, hakujua mpaka nilipoona damu kwenye mkeka.

Nikampeleka zahanati ya serikali. Mimi mwenyewe nimetibiwa hapo miaka mingi, manesi wananiita babu. Sikuwa na wasiwasi. Ila siku hizi, kabla hujamfikia nesi, unakutana na watu langoni. Hawavai sare ya serikali, wala hawakuajiriwa na zahanati. Ni wakazi wa mtaa, wanaume kwa wanawake, wameamua wenyewe kusimama hapo na kudai vitambulisho vya uraia. Usipokuwa nacho, hupiti. Wanasema dawa haziwatoshi wenyewe, na sikatai kwamba haziwatoshi. Nimeona wajawazito wa Kimalawi wakirudishwa na mikoba yao ya kujifungulia.

Sasa hapa ndipo ninapotaka unielewe vizuri, kwa sababu mtu mwingine yeyote akisoma atasema dada yetu ana kichaa.

Katika zile siku za matanga, kumchangamsha, nilimsimulia kwamba Wangoni wale waliowavamia babu zetu Masasi, asili yao ni huku, na kwamba walihama na ng'ombe wao na vita vyao mpaka wakafika Songea. Alikuwa anachambua mchele. Akaacha. "Kwa hiyo hawa wote hapa ni Wangoni?" Nikamwambia ni ndugu za Wangoni. Akacheka mpaka akashika mbavu. "Kumbe siko ugenini! Nimekuja kwa watani zangu na wewe unanificha!"

Kuanzia siku hiyo hakukuwa na amani mtaani. Jirani yangu Mama Ntombi, mjane mnene mwenye kucheka, akipita na kuni Zainabu anamnyang'anya kipande kimoja. "Hii ni ya bibi yangu mliyemchukua!" Mimi nikamfasiria Mama Ntombi habari yote ya utani, kwamba watu waliopigana zamani wamekubaliana kutukanana badala ya kuuana, na mmoja akifiwa mwingine ndiye huja kumchekesha na kumfanyia kazi. Mama Ntombi akaona ni jambo zuri sana. Kesho yake akaja akajifunga kanga ya Zainabu kiunoni, akatoka nayo mbio, na yule mgonjwa wa sukari akamfukuza huku anachechemea. Watoto wakashangilia. Nakuambia, Saidi, nyumba iliyokuwa na msiba ilipata sauti.

Ndivyo alivyofika langoni akiwa ameshaamini kwamba nchi nzima ni ya watani.

Kijana mmoja aliyevaa kofia nyekundu alitusimamisha. Mimi kitambulisho cha uraia sina, nina karatasi ya ukaazi inayosubiri kuhuishwa tangu marehemu mke wangu akiwa hai. Zainabu alikuwa na pasipoti, na muhuri wake wa siku za ugeni ulikuwa bado unafaa. Kijana akasema pasipoti si kitambulisho. Nikaanza kumbembeleza kwa lugha yake, kwa adabu, kama mzee anavyosema na mtu anayeweza kumnyima kitu. Zainabu akanivuta mkono.

"Kaka, wewe unamwogopa Mngoni?"

"Zainabu, nyamaza kidogo."

"Ninyamaze nini! Wee Mngoni, mliiba ng'ombe wetu, mkaiba na bibi zetu, leo tena mnaninyima sindano? Nirudishie bibi yangu, nikupishe na zahanati yako!"

Na kabla sijamshika, alinyoosha mkono akamvua yule kijana kofia, akaivaa yeye juu ya mtandio. "Hii naiweka rehani. Kaniletee kuku."

Foleni nzima ikacheka. Mwanamke mmoja wa kundi lao hao hao akacheka pia, akasema kofia imempendeza bibi kuliko mwenyewe. Kwa muda mfupi nilidhani tumepita. Nilitazama uso wa kijana nikingoja aanguke kicheko, kama ambavyo Mngoni wa Songea angeanguka, akamtukana naye, akamshika mkono na kumwingiza ndani.

"Anasema nini huyu?" akaniuliza.

Nikamwambia, "Anasema nyinyi ni ndugu zake wa zamani. Kwetu mtu wa namna hiyo tunamtania, ni heshima."

"Mimi sina ndugu Tanzania."

"Ni mchezo, mwanangu. Ni mgonjwa."

Akaichukua kofia kichwani pa Zainabu, si kwa nguvu, akaikung'uta. Kicheko cha watu ndicho kilichomkata. Angekuwa peke yake huenda angetuachia. Akatoa simu akatupiga picha, mimi na dada yetu, naye Zainabu akatabasamu kwa sababu alidhani ni ukumbusho. Kisha kijana akasema polepole, foleni isikie, "Mzee, mpeleke kwenu akatibiwe na hao Wangoni wenu."

Wakacheka tena, safari hii wakicheka upande wake.

Zainabu aliniuliza njiani amesemaje. Nikamwambia amesema turudi kesho. Akafurahi. "Si unaona? Anaenda kutafuta kuku."

Tulipokwenda zahanati ya mtaa wa pili, wa langoni walikuwa na ile picha. Hawakuuliza hata kitambulisho. Nesi mmoja aliyetuona akaja mpaka kwenye uzio, mtu mzima mwenye huruma, akaniambia kwa siri kwamba sheria ya nchi hii haimnyimi mtu matibabu ya dharura, awe mgeni awe mwenyeji. Nikamshukuru. Ndivyo ilivyo, Saidi. Sheria ipo, lakini iko ndani ya jengo, na sisi tulikuwa nje ya lango.

Nilimtafuta daktari wa kulipia, Mkongo mmoja mwenye chumba nyuma ya duka la dawa. Huyo alitutendea kiutu. Alimwandikia insulini mpya, akasafisha kidonda, akaniambia kidole kinahitaji hospitali, si chumba chake. Umeme hapa hukatika, hivyo Zainabu akaitunza dawa kama tulivyokuwa tukitunza maji ya kunywa shambani. Ameiweka katika chungu chenye mchanga uliolowa, akakifunga kwa kitambaa chenye maji, na kila akiamka anakigusa kama kimepoa. Dawa inapoa. Mguu ndio umekataa.

Wiki iliyopita alianza kupumua kwa haraka na kusema maneno yasiyoeleweka. Mama Ntombi alipiga simu ya gari la wagonjwa kwa jina lake mwenyewe, na lilipofika akasema, "Ni dada yangu," akapanda naye. Walimpeleka hospitali kubwa. Humo alipokelewa, nisiseme uongo. Alitundikiwa dripu, akarudiwa na akili. Daktari kijana akauangalia mguu akasema kidole kitolewe mapema, la sivyo utafuata mguu. Lakini asubuhi ikaja na dirisha la malipo. Kwa mgeni wa muda ile si dharura tena, maana sasa anajua jina lake na anaweza kukaa, na upasuaji unahitaji malipo kamili kabla ya kitanda. Na siku za pasipoti yake zilikuwa zimeshapita tukiwa tunazunguka malango. Walimpa karatasi ya ruhusa na vidonge, wakamwita mgonjwa mwingine.

Nilipomweleza habari ya kidole alitazama dari. Akasema, "Kidole changu kizikwe Durban, mimi nizikwe Lukuledi? Siku ya Kiyama nitakusanywaje, kaka?" Sikujua kama anatania. Nilimwambia tu kwamba Mwenyezi Mungu anaijua njia ile ya Wangoni mpaka Songea. Akacheka kidogo, akalala.

Kidole sasa ni cheusi, na weusi umeshavuka kifundo chake cha kwanza. Harufu ipo. Yeye anachoma udi na kusema ni kwa ajili ya marehemu.

Yule daktari Mkongo nilimwendea jana, nikamuuliza kama anaweza kusafiri kwa basi mpaka nyumbani. Alivua miwani. "Mzee, nikiwa daktari, nakwambia usimsafirishe. Nikiwa mgeni kama wewe, sijui nikwambie nini."

Basi hilo ndilo lililoko mbele yetu, mimi na wewe. Akikaa, kidonda kitapanda na hakuna mlango utakaofunguka mpaka azimie tena, na kila akizimia watamwamsha na kumrudisha kwangu. Akisafiri, huenda njia ikammaliza kabla ya Tunduma. Kwetu mwanamke akiugua ni wa kaka zake kabla hajawa wa mumewe wala wa mwanawe. Mumewe ameshatangulia, na Shaibu atafuata watakalosema wajomba zake. Wajomba ndio sisi, hakuna mwingine. Nimekaa nje ya mila hiyo karibu maisha yangu yote, nikidhani ni mambo ya kuandika kwenye vitabu. Leo imenikalia kifuani.

Nimemuuliza mwenyewe. Akasema, "Nipeleke." Nikamwambia huenda asifike. Akasema, "Hapa nimeshafika wapi?"

Kwa hiyo nimekata shauri, isipokuwa wewe uniambie hapana, na ukiniambia hapana unieleze nifanye nini badala yake. Basi linaondoka Alhamisi asubuhi. Nimepata hati ya dharura ya kusafiria. Hati hiyo ni ya kwenda upande mmoja tu. Nikitoka hapa sitaruhusiwa kurudi, na yeye kwa siku alizopitisha atafungiwa kurudi pia. Chumba nimemwachia Mama Ntombi. Kaburi la mke wangu ameahidi kulipalilia, na nimemwonyesha upande ambao marehemu hakupenda majani yaote. Sina zaidi ya hapo cha kuaga katika nchi hii.

Nakuomba ufanye haya, na uyafanye leo. Shaibu aondoke Masasi kesho, apite Tunduru na Songea mpaka Tunduma, atungojee upande wetu wa mpaka. Abebe insulini ndani ya chupa ya chai yenye maji baridi, si ndani ya begi, wala asiiweke juu ya injini ya basi. Abebe kipimo cha sukari, kwa sababu changu kimegoma. Asije na chakula cha sherehe, hata mama zake wakubwa wakimlazimisha. Wewe nenda hospitali ya wilaya ya Masasi ukaonane na daktari wa upasuaji uso kwa uso, usitume mtu. Mwambie ni mama wa makamo, ana sukari ya muda mrefu, kidole gumba cha mguu wa kushoto kimekufa na nyama inayozunguka ni nyekundu na moto. Mwambie hivyo hivyo nilivyoandika. Kama atasema tumfikishe kwanza hospitali ya Songea tunapopita, nipigie, nami nitasema "sawa" tu na kukata, maana atakuwa amelala begani kwangu. Kadi yake ya bima iko chini ya godoro nyumbani kwake Lukuledi. Hakuja nayo kwa sababu aliambiwa nje ya nchi haifanyi kazi, na aliyemwambia alisema kweli.

Kuhusu yule kijana wa langoni, usiwasimulie watu kwa namna ya kuwafanya wawachukie watu wa huku. Mama Ntombi naye ni wa huku. Jana alikuja na kuku aliyechinjwa, akamwambia Zainabu ametumwa na yule Mngoni wa zahanati kuja kukomboa kofia. Zainabu akauliza mbona amechelewa. Akanywa mchuzi, vijiko vichache, cha kwanza kukaa tumboni kwa siku mbili. Mimi nilitoka nje.

Nisalimie mkeo, Mama Mwanahawa, na umwambie kanga aliyomtumia marehemu ndiyo tuliyomsitiri nayo. Nisalimie mwanao Mwanahawa na mumewe, mkwe wetu ambaye namjua kwa sauti tu. Nisalimie shangazi yetu wa Chidya kama bado anasikia, umwambie kwa sauti karibu na sikio. Nisalimie shehe aliyewasomesha watoto wa Zainabu, na jirani yake anayemtunzia mikorosho, amwambie ukweli wa mavuno wala asimfurahishe. Kwa Shaibu sina salamu, nina maombi. Awahi.

Jambo la mwisho, Saidi. Tukifika stendi ya Masasi, nitashuka kwanza mimi ili nimpokee kwa chini, kwa hiyo usishtuke ukiniona peke yangu mlangoni mwa basi. Subiri. Lakini ukiona nimeshuka, na nimesimama, na sikugeuka nyuma kunyoosha mikono, basi usiniulize kitu mbele za watu. Nishike mkono. Hutanijua kwa sura, nami huenda nisikujue, tumezeeka mbali mbali. Mimi nitakuwa yule mzee aliyebeba mkeka.

Ni mimi kaka yako,
Hassani